Kibali cha Kiwanda na Maji ya Kiangazi

Wapo watu ambao ukiwapa jibu moja wanakurudishia maswali mawili. Ansbert alikuwa mmoja wao tangu utotoni kule Bukoba. Alipokuwa na miaka saba alimuuliza padre kwa nini maji ya baraka hayaozi na maji ya mtungini kwao yanaota ukijani. Padre alicheka. Baba yake hakucheka. Alimvuta sikio kutoka mlangoni mwa kanisa hadi migombani kwao. Sikio lilipona, na maswali hayakukoma.

Mwaka 1950 alikuwa na miaka thelathini na minne, anaishi Temeke na mkewe Kokushubila na binti yao Tekla. Kwa miaka tisa alikuwa msaidizi katika ofisi ya Bwana Afya wa mji. Siku hizo mtu hakuweza kuamka tu asubuhi akaanzisha kiwanda cha kuchemsha sabuni, kuchoma mifupa au kutengeneza ngozi. Kazi hizo ziliitwa kazi za kero, na aliyezitaka alipaswa kwanza kuomba kibali. Aandike barua, achore ramani ya mahali, abandike tangazo hapo hapo kwa siku ishirini na moja ili jirani mwenye neno aseme. Kisha mtu wa afya aende akapime: upepo unavuma kuelekea wapi, maji machafu yatakimbilia wapi, nyumba ya karibu iko umbali gani, na watu wanakunywa wapi.

Wengi waliona huo ni usumbufu wa Wazungu. Ansbert hakuona hivyo. Fomu ile ilikuwa na maswali kumi na manne, na yeye aliyapenda yote kumi na manne kama mtu anavyopenda ndugu zake. Aliamini kwamba mtu asiyetaka kuulizwa kabla ya kujenga anakusudia kujenga juu ya mgongo wa mwenzake. Na katika hilo hakukosea.

Ombi lililomfikia mwaka ule lilikuwa la Mwinshehe, mfanyabiashara wa ngozi, mwenyeji wa pwani mwenye nyumba yake mjini. Mtu wa swala tano na kauli moja. Alitaka kujenga kiwanda cha kudabaghi ngozi ng'ambo ya Tandika, upande wa kwenda Yombo, kando ya kijito kinachoitwa Msufini. Ngozi mbichi zingelowekwa kwenye mashimo ya chokaa mpaka manyoya yalegee, zikwanguliwe, kisha zilale wiki kadhaa katika maji ya magome ya mkandaa mpaka ziive.

"Ngozi zetu zinakwenda Ulaya zinanuka, zinaturudia viatu," Mwinshehe alimwambia. "Mie nataka zitoke hapa zimekwisha heshimika. Kuna ubaya gani, bwana?"

"Hakuna ubaya, mzee. Kuna maswali tu."

"Uliza. Sina la kuficha."

Naye kweli hakuwa nalo.

Safari hiyo Bwana Afya Mkuu, Mwingereza mrefu aliyekaribia kustaafu, hakwenda mwenyewe. Alimwita Ansbert akamwambia aende peke yake, aandike ripoti kwa mkono wake na atie saini yake. Kamati ya vibali ingekaa Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Juni. Ripoti ikipita bila doa, Ansbert angepandishwa kuwa mkaguzi kamili mwenye eneo lake. Nafasi ilikuwa moja. Miaka tisa alikuwa akiisubiri.

Alikwenda mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Kijito kilikuwa kimejaa, chekundu kama chai, kinabeba matawi. Ansbert alipima kwa kamba huku viatu vyake vikinyonya tope, akachora, akanusa upepo. Alipofika swali la kumi na moja, la maji ya kunywa, alimgeukia jumbe wa pale, Jabiri, aliyesimama chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

"Jumbe, watu wa hapa wanakunywa maji wapi?"

Jabiri alinyoosha kidole kuelekea mlimani. "Kwa Binti Saidi. Kile kisima cha mawe."

Ansbert alipanda akakikuta, akapima. Yadi mia sita, tena upande wa juu, mahali ambapo maji ya kiwanda yasingeweza kupanda hata kwa dua. Akaandika: *Maji ya kunywa: kisima kimoja, mbali, juu. Hakuna hatari.* Akatia saini, na siku ile alirudi nyumbani akipiga mluzi juu ya baiskeli.

Ijumaa ya mwisho ya Mei alirudi Msufini kwa jambo dogo: kuhakikisha kwamba tangazo limekaa siku zake zote bila kung'olewa. Lilikuwapo, limebandikwa kwenye nguzo mbele ya duka, mahali ambapo wanaume hucheza bao. Hakuna aliyeleta pingamizi. Mvua zilikuwa zimekata wiki mbili, na kijito kilichokuwa kikinguruma sasa kilikuwa utepe wa maji katikati ya mchanga mweupe. Mafundi wa Mwinshehe, bila kungoja kibali, walikuwa wamekwisha panga mawe ya msingi.

Alipokuwa akiondoka aliona kitu kwenye mkunazi ulioota ukingoni, chini kidogo ya mahali pa kiwanda. Matawini zilining'inia kata, zile za kifuu cha nazi zenye mpini mrefu. Alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Nyingine zilikuwa mpya, nyingine mipini yake imeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, na kila moja ilifungwa kitambaa cha rangi yake.

Akasimama. Kata bila mtungi? Kata bila kisima?

"Fundi," alimwita mwashi mmoja, "hizi ni za nani?"

"Hata sijui, bwana. Labda tambiko. Mie mtu wa Mbagala, sigusi vya watu."

"Na zimeanza lini kuwapo?"

"Tumezikuta."

Ansbert alipanda baiskeli, akashuka, akaenda kuziangalia tena, akapanda. Njia nzima hadi Temeke alikuwa akiziwaza zile kata. Kama ni tambiko, mbona zimechakaa kwa kazi? Kama ni za kazi, kazi gani? Wakati wa kula alikuwa bado anaziwaza, ndizi zinapoa mbele yake.

"Baba Tekla, leo umeulizwa wewe nini?" Kokushubila alimtania.

Akamweleza. Mkewe aliweka chini kijiko, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Miaka tisa mtu wa afya! Kata kazi yake ni kuteka maji. Palipo na kata pana maji."

"Hakuna kisima pale. Nimepima kila mahali."

"Umepima, au umeuliza wanaoteka?"

"Nilimuuliza jumbe."

"Jumbe amewahi kubeba ndoo lini?" alisema Kokushubila, akamsogezea sahani. "Kula. Kesho nenda asubuhi, ukawaulize wenye vichwa vyenye upara wa ngata ya kubebea maji."

Jumamosi, jua lilipoanza kupata nguvu, Ansbert alifika Msufini. Wanawake wawili walikuwa chini kwenye mchanga. Mmoja, Mwanaasha, alikuwa mtu mzima mwenye kanga aliyoikaza kiunoni kama mtu anayekwenda vitani. Wa pili, Tabu, alikuwa mkwewe, amebeba mimba ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Bwana Afya mwenye kamba? Mbona leo hujaja kupima? Au Msufini imerefuka?"

Tabu aliziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Leo nimekuja kuuliza, mama. Zile kata kwenye mkunazi ni za nini?"

Mwanaasha alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni la nini. "Za kushikia mahali."

"Mahali gani?"

"Mtu wa bara huyu!" Mwanaasha alimwambia mkwewe. "Kwenu mnakunywa nini kiangazi?"

"Kwetu Bukoba hakuna kiangazi cha kukausha chemchemi, mama. Maji ni yale yale mwaka mzima."

"Loo! Basi ndiyo maana." Akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mikono miwili, haraka, kama kuku. Kimo cha kiwiko tu, mchanga ukageuka mweusi, kisha maji yakachomoza chini, machafu kwanza. Akayateka na kuyamwaga mara tatu, nne. Mara ya tano yalikuwa maangavu. Tabu alitungua kata yenye kitambaa cha bluu, Mwanaasha akaijaza, akampa Ansbert.

"Onja."

Yalikuwa baridi, na matamu kuliko maji ya bomba la Temeke.

"Kisima cha Kwa Binti Saidi mwezi wa Julai kinabaki tope na vyura," alisema Mwanaasha. "Sie tunashuka hapa mpaka vuli inyeshe. Kila mji, kila nyumba, una shimo lake. Masika mto unayafukia yote, basi tunaacha kata ukingoni, kila mtu kwenye tawi lake. Maji yakipungua kila mtu anachimba pale pale. Hakuna ugomvi. Mama yake mama yangu alichimba hapa nilipopiga magoti."

"Watu wangapi wanakunywa?"

"Hesabu wewe mwenye kalamu. Kata kumi na moja, kila moja ina mji, na kila mji una midomo."

Ansbert aliuliza ni miezi mingapi, kina kinafika wapi Septemba, kama wanawapa watoto bila kuyachemsha, kama maji ya juu na ya chini hukutana ndani ya mchanga. Alipouliza la mwisho hilo, Mwanaasha alichukua majivu ya jiko la mafundi, akayamimina kwenye utepe wa maji juu kidogo, akamwambia angoje. Wakangoja. Baada ya muda shimo likaanza kuwa na rangi ya kijivu.

"Unaona? Mchanga ni kama kanga ya kuchujia tui. Unazuia makapi, hauzuii tui."

Ansbert alipima kwa hatua kutoka shimo hadi kwenye mawe ya msingi ya Mwinshehe. Hatua arobaini na mbili. Na kiwanda kilikuwa upande wa juu. Chokaa, manyoya, damu na maji ya magome yote yangeshuka humo kwa miezi mitano kila mwaka. Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Tabu angezaliwa katikati ya kiangazi na kunyweshwa hapo.

Aliagana nao bila kuwaambia alilofikiri. Moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu ripoti ilikuwa imekwisha fika mezani na chini yake palikuwa na jina lake.

Alipita kwa Jabiri. Jumbe alikuwa barazani akinyolewa.

"Jumbe, mbona hukuniambia kuhusu mashimo ya mchangani?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza watu wanakunywa wapi!"

"Uliniuliza Aprili, nikakujibu maji ya Aprili." Jabiri aligeuza shavu la pili kwa kinyozi. "Ungeniuliza na ya Agosti ningekwambia ya Agosti. Mie nitajuaje wewe hujui kwamba kuna Agosti?"

Kinyozi alicheka. Kosa halikuwa la jumbe. Mtu aliyekulia kwenye chemchemi zisizokauka alikuwa amekwenda pwani na swali la nchi yake, akapewa jibu la siku moja, akalitia saini kuwa la mwaka mzima.

Jumatatu alimfuata Mwinshehe dukani mwake na kumweleza yote bila kuzunguka. Mwinshehe alisikiliza, tasbihi ikisimama kidoleni.

"Hayo mashimo mimi sikuyajua," alisema. "Wallahi siyajui. Mie mtu wa bomba."

"Nakuamini, mzee."

"Lakini wewe ulitia saini."

"Nilitia."

"Basi mbona unataka kujichoma mwenyewe? Kamati inakaa Alhamisi. Wewe nyamaza, mie nijenge. Wanawake watachimba juu ya kiwanda badala ya chini. Mchanga si mwingi?"

"Nimewauliza. Juu kuna mwamba, maji hayatoki."

Sauti ya Mwinshehe ikapanda, si kwa hila bali kwa uchungu. "Viwanda vyote mjini hapa vya nani? Niambie! Mara moja mtu wetu anataka kufanya kitu, na anayemzuia ni mtu wetu. Watu ishirini wangepata kazi pale. Mzungu alikuwa amekwisha kubali, Mwafrika ndiye anakataa. Utalala vipi?"

Maneno hayo yalimwingia Ansbert kuliko matusi, kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli. Hakujitetea. Alisema tu, "Mzee, wewe ungekunywa maji yale?"

Mwinshehe akaanza tena kuzungusha tasbihi. Aliita mteja aliyekuwa mlangoni, akampa Ansbert mgongo.

Hapa ndipo watu wengi wenye elimu huanguka, na huanguka kimya. Hakuna aliyewaomba waseme uongo. Wanaombwa tu wauache ukweli mezani mpaka mkutano upite. Ansbert alikuwa na siku mbili za kufanya hivyo. Hakuna mwanamke wa Msufini aliyejua kusoma ripoti, wala jumbe asingesema asichoulizwa. Mkewe alimwona jioni ile akichonga penseli ambayo ilikuwa imekwisha chongoka.

"Nafasi hiyo itakwenda kwa nani ukiikosa?" alimuuliza.

"Kwa Leonardi, msaidizi mwenzangu."

"Leonardi ni mtu mzuri?"

"Mzuri. Ila hapendi kuuliza."

"Andika, Baba Tekla," alisema Kokushubila. "Mimi niliolewa nawe kwa maswali yako, mshahara ulikuja baadaye."

Jumatano asubuhi aliweka karatasi mpya mbele ya Bwana Afya Mkuu: idadi ya kata, miezi, hatua arobaini na mbili, jaribio la majivu, na maneno haya mwishoni: *Ripoti yangu ya Aprili ilikuwa na kosa, na kosa ni langu.*

Mwingereza aliisoma mara mbili.

"Aprili uliandika kisima kimoja. Leo unaandika na mashimo kumi na moja ya maji. Mto gani huu unaozaa visima kwa mwezi mmoja?"

"Mto wa pwani, bwana. Huzaa kila mwaka mwezi kama huu. Mimi sikuuliza."

"Nikiipeleka hii, kamati itajua kwamba ya kwanza haikuwa ya kuaminika. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, bwana."

"Ningeweza kuahirisha tu. Kusema tunahitaji muda. Jina lako lisitajwe."

Ansbert alifikiri. Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa na mkubwa wake mwenyewe. Lakini kuahirisha bila sababu kungeacha ripoti ya Aprili hai faili­ni, na mwenye kuifukua mwaka ujao angeiona imetiwa saini na haijakanushwa.

"Naomba iende kama ilivyo, bwana."

Mwingereza aliichukua, akagonga muhuri, akasema, "Hii ya pili ni ripoti bora kuliko zote nilizopata mwaka huu. Pole."

Alhamisi kamati ilikataa kibali cha Msufini, ikamwambia Mwinshehe atafute mahali pengine, chini zaidi, ambako maji ni ya chumvi na hayanywewi na mtu. Ijumaa Leonardi alipewa nafasi ya mkaguzi kamili. Alikuja mezani kwa Ansbert, ameona haya, akampa mkono. Ansbert aliushika kwa nguvu na kumwomba jambo moja tu: asimkabidhi mtu mwingine ombi jipya la Mwinshehe likija.

Lilikuja Septemba. Mwinshehe hakumsalimu zaidi ya inavyotakiwa na dini, lakini alitembea naye mahali papya pwani ya mkono wa bahari, jua linachoma, akingoja wakati Ansbert akiuliza wachuuzi wa kamba wa baharini, wavuna chumvi na wanawake waliokuwa wakichimbua chaza kwenye matope. Swali la kumi na moja lilikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Ansbert aliambatisha karatasi nzima yenye miezi kumi na miwili, na kando ya kila mwezi jina la mwanamke aliyemjibu.

"Utamaliza lini?" aliuliza Mwinshehe.

"Nimebakiza Februari, mzee."

"Februari!" Mwinshehe alitikisa kichwa, lakini hakuondoka.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, baada ya Idi, Ansbert alikuwa amepita Msufini. Mchanga ulikuwa na mashimo kumi na moja, yamezungushiwa mawe, na msingi wa kiwanda ulikuwa umekwisha ng'olewa. Alidhani watamshukuru. Mwanaasha alipomwona aliinuka, mikono kiunoni.

"Ahaa, Bwana Afya! Kumbe maswali yako yote yale yalikuwa ya kutufukuzia kazi? Mume wangu alikwisha ahidiwa kukwangua ngozi pale. Sasa anakaa barazani ananihesabia pumzi. Nilikunywesha maji yangu, wewe ukaenda kutuchongea!"

"Mama, kile kiwanda kingemwaga chokaa humu."

"Humu wapi?"

"Humu ulimoingiza mkono. Chokaa na damu ya ngozi. Yangeshuka kama yale majivu uliyonionyesha."

Mwanaasha alitazama mahali pa msingi, akatazama shimo, akatazama kibanda cha makuti ukingoni ambako Tabu alikuwa ameketi kivulini na kichanga cha siku tisa kifuani. 

"Na mtu mwenye kiwanda alijua?"

"Hapana. Wala mimi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Basi mngeuliza mapema," alisema Mwanaasha. Akapiga magoti tena, akatia kata. "Na huyo mume wangu, kama kuna kazi huko chini kwenye chumvi, mwambie tajiri wako anajua kukwangua. Haya, sogea, unanitilia mchanga."